Anatolewa Bure, Pamoja na Baiskeli

Janelle Pascoe aliandika ule mzaha Jumapili mchana, nywele zake zikiwa bado zinanukia vitunguu vya kukaanga, na aliupenda tangu ulipomtoka. Hilo lisisahauliwe, maana baadaye kila mtu alisema kwamba hakukusudia kitu. Alikusudia kuchekesha, na kweli alichekesha.

Yeye ndiye aliyekuwa akiandika habari za mpira wa wavu katika jarida la shule ya wavulana ya Wexcombe, linalotoka kila Ijumaa. Kazi hiyo haina mshahara wala heshima. Hupewa mzazi aliyechelewa kuinamisha kichwa kwenye mkutano wa mwanzo wa mwaka. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa kuogelea, na mwandishi wake alikuwa Bi. Philippa Garland, mwenye picha za rangi na majina ya kila mvulana aliyepunguza muda wake majini. Wa kulia ulikuwa wa Janelle. Bi. Garland hakuwahi kuandika sentensi ya kumchekesha mtu hata mmoja, ndiyo maana watu walikuwa wakianzia kulia.

Jumamosi ile timu ya tatu ilifika seti ya tano, jambo ambalo si kawaida yake. Wageni walibakiza pointi moja tu washinde, na mpira ukawa mkononi mwa Rohan, mtoto pekee wa Janelle, mwenye miaka kumi na sita, miguu mirefu na mabega ambayo hayajaamua bado kupanuka. Akaurusha juu, akaupiga, ukaishia wavuni. Mechi ikafa hapohapo. Janelle alikuwa mlangoni mwa ukumbi, kwenye jiko la soseji za kuuza, zamu yake, akamsikia baba mmoja nyuma yake akiuliza, "Huyo ni wa nani huyo?" Akaendelea kugeuza soseji kana kwamba hakusikia.

Kwetu Queensland, Australia, mzazi hamsifu mwanawe mbele za watu. Ukimsifu wataona umevimba kichwa, na watawashusha nyote wawili kwa pamoja. Dawa ni kumshusha wewe mwenyewe mapema, kwa mzaha, na kila anayesikia anaelewa kwamba hapo ndipo penye mapenzi. Glenn, mume wa Janelle, fundi wa majokofu, alisimama siku ya harusi yao akamtambulisha mkewe kwa wageni kama adhabu yake, na shangazi zake wakalia kwa furaha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu asiyetaniwa nyumbani kwake hujiuliza kama anapendwa.

Basi Janelle akaandika: "Mpira wa mwisho ulipigwa na Rohan Pascoe kwa nguvu zake zote, na wavu ukaudaka bila taabu. Wazazi wake wanatangaza kuwa anatolewa bure kwa yeyote anayemtaka, pamoja na baiskeli yake. Chakula ni juu yako."

Ijumaa jioni, wakila samaki na chipsi kutoka kwenye karatasi, babu aliwasomea. Mzee Merv, baba yake Glenn, aliishi nao katika chumba cha nyuma, na jarida lile lilikuwa starehe yake kuu baada ya mbio za farasi. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alipofika kwenye baiskeli alicheka mpaka miwani ikamtoka, Glenn akapiga meza, na Janelle akajifanya anatafuta sosi ya nyanya ili wasimwone anavyofurahi. Rohan alitabasamu kwa mdomo tu, akaomba chumvi.

Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutunga usaha.

*

Jumatatu Rohan alikuta kipande cha boksi kimefungwa kwenye usukani wa baiskeli yake, kimeandikwa BURE kwa kalamu nene. Alikitoa akakitia kwenye begi. Jumanne alikuta kingine. Mvulana wa darasa la chini, ambaye hata hakumjua jina, alimsimamisha kwenye ngazi akamuuliza kwa adabu zote kama anakula sana, maana mama yake anafikiria kumchukua. Mwalimu wa hesabu alipoita majina alisita kwenye jina lake akasema, "Pascoe, bado hujapata mwenyewe?" na darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu naye alikuwa mtu wa kwetu, alidhani anaonyesha upendo.

Nyumbani hakusema kitu. Ungemwambia nani, na ungesemaje? Mtu akitaniwa huku kwetu ana njia mbili: ajibu kwa mzaha mkali zaidi, au anyamaze aonekane hana moyo. Rohan hakuwa na mzaha. Kila usiku aliutafuta, na uliokuja ulikuwa umeshachelewa.

Wiki iliyofuata ilikuwa mashindano ya kuogelea ya shule. Siku hiyo hakuna masomo. Wavulana wote hukaa kwenye jukwaa la saruji kando ya bwawa, kila kundi na rangi yake, na kila mmoja lazima aogelee angalau mbio moja, awe samaki au awe jiwe. Wazazi hujitolea kushika saa za kupimia muda, mmoja kila mstari, na sharti ni moja: usiondoke kwenye mstari wako mpaka mbio zote ziishe. Janelle alipewa mstari wa nne. Bi. Garland, akiwa na kofia pana na daftari lake, alimpungia mkono kutoka upande wa pili.

Mbio za Rohan zilikuja baada ya chakula, jua likiwa limeshachoma saruji. Mtangazaji akaita majina. Alipotaja Pascoe, mstari wa nne, sauti moja ikatoka juu ya jukwaa, nzito na ya polepole.

"Nani anamtaka?"

Jukwaa zima likajibu kwa pamoja, kama kanisani. "Hakuna."

"Na baiskeli?"

"Hakuna."

Janelle alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, karibu kiasi cha kuona vipele vya jua shingoni mwake. Mwanzoni hakuelewa. Kisha akaisikia sentensi yake mwenyewe, ile aliyoipenda Jumapili, ikirudi kwake kutoka vifuani mwa mamia ya wavulana. Walimu kadhaa walikuwa wakitabasamu. Rohan hakugeuka. Filimbi ilipolia alijitosa, akaogelea hovyo mpaka mwisho, akarudi, akagusa ukuta akiwa wa mwisho kabisa, na mama yake akabonyeza saa kwa sababu kidole chake kilikuwa kimezoea.

Alipotoka majini walitazamana. Janelle akafungua mdomo. Rohan akampita, akachukua taulo lakini si viatu, akatembea kando ya bwawa, akapita mbele ya jukwaa lote, akatoka getini huku maji yakimchuruzika. Wavulana waliokuwa wakicheka walinyamaza mmoja mmoja. Msimamizi akamgusa Janelle begani akamwomba asome muda wa mstari wa nne. Akausoma. Na alibaki pale na mbio zote zilizosalia, akibonyeza na kusoma, kwa sababu ndivyo sharti lilivyo, na kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kupita mbele ya jukwaa lile.

*

Kesho yake Rohan hakwenda shule, wala keshokutwa. Alisema tumbo. Glenn akasema kwamba tumbo la namna hiyo yeye aliwahi kuugua akiwa na umri huo, na dawa yake ilikuwa buti la baba. Alikuwa jikoni amevaa sare ya kazini, na Janelle alikuwa akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Ni utani tu, Jan," alisema. "Wakiona umemuuma ndiyo wataendelea. Aende, acheke nao, yaishe."

"Hukuwasikia."

"Mimi nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote. Nimesikia mabaya kuliko hayo."

Janelle akamkumbusha siku wale mafundi wenzake walipompa zawadi ya kitana, kichwa kikiwa kimeanza kupara, alivyokaa wiki nzima bila kula nao. Glenn akavaa kofia yake akasema hiyo ilikuwa kesi tofauti. Mkuki kwa nguruwe. Mzee Merv, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka chumba cha nyuma, alikohoa tu.

Janelle aliamua kuandika kwenye jarida kwamba anaomba radhi. Alipanda mpaka mlango wa Rohan akamsomea kupitia mbao. Yalikuwa maneno mazuri, hayana mzaha hata kidogo. Sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa.

"Sasa hivi mimi ni yule mvulana anayetolewa bure. Ukichapisha hiyo nitakuwa yule mvulana aliyeombewa radhi na mama yake. Ipi ni bora, Mama?"

Janelle akaichana karatasi.

Alhamisi Bi. Garland alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ile wanayotumia watu wakitembelea wagonjwa. Alisema alimwona Rohan siku ile na moyo ulimwuma, hivyo ameandika aya maalumu katika habari za kuogelea za wiki hii: pongezi kwa Rohan Pascoe, aliyemaliza mbio zake kwa ushujaa katika mazingira magumu. Alitaka Janelle ajue mapema, afurahi.

Janelle alishukuru, akakata simu, akaendesha gari mpaka kwa akina Garland akiwa na kandambili zake za nyumbani. Ilikuwa nyumba nyeupe yenye bwawa lake, na ndani kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Akakaribishwa chai. Akaomba, huku ameshika kikombe kwa mikono miwili, kwamba ile aya iondolewe.

"Lakini ni ya kumsifu," Bi. Garland alisema.

"Najua. Tafadhali, Philippa. Jina lake lisionekane. Popote."

Bi. Garland aliifuta palepale kwenye kompyuta, mbele yake, bila kusita, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha, akimsindikiza mlangoni, akasema jambo ambalo huenda alilisema kwa wema.

"Mimi, mwanangu Hugo husoma kila ninachoandika kumhusu kabla sijakipeleka. Hunifutia nusu nzima. Wewe wako hakusoma?"

Janelle alisema hapana. Njiani alisimama kwenye maegesho ya duka la vyakula, akalia, akajipangusa kwa risiti, kisha akaingia kununua maziwa ili safari iwe na sababu.

*

Aliporudi, kitu cha kwanza alichokiona ni ukingo wa nyasi mbele ya nyumba. Huku kwetu, kitu usichokitaka hukiweka pale kando ya barabara. Kochi, friji bovu, vitabu vya shule. Na mpita njia akikipenda anakibeba bila kubisha hodi. Asubuhi palikuwa hapana kitu. Sasa palikuwa na kipande cha boksi kimelala kwenye nyasi, kimeandikwa BURE kwa kalamu nene. Baiskeli haikuwa barazani.

Aliingia ndani akiita. Chumba cha Rohan kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa vizuri, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Krismasi, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mzee Merv akatoka akisema alimwona mvulana akiisukuma baiskeli nje, alidhani anakwenda shule hatimaye. Janelle akashuka ngazi za nyuma mbio, kandambili moja ikabaki juu.

Rohan alikuwa chini ya nyumba, kati ya nguzo zinazoiinua, pale penye mashine ya kufulia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiudundisha mpira wa wavu sakafuni, taratibu. Janelle akashika nguzo.

"Baiskeli iko wapi?"

"Imechukuliwa. Na mama mmoja mwenye pikapu. Hakuniuliza hata kitu."

"Rohan, ile ilikuwa zawadi ya babu yako."

"Ulisema bure."

Mpira ukadunda. Janelle akaketi sakafuni, mgongo kwenye mashine. Alianza kusema kwamba alikuwa anatania tu, kwamba Rohan mwenyewe anajua, kwamba nyumba nzima inajua. Rohan akautuliza mpira chini ya kiganja.

"Najua ni utani, Mama. Mimi si mtoto. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nilipoupiga wavuni, kabla hujaandika, uliwaza nini?"

Jibu la haraka lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa zuri, na lilikuwa la uongo. Alimtazama mwanawe akaona kwamba atalijua.

"Baba mmoja aliuliza wewe ni wa nani," alisema. "Sikumjibu. Niliona aibu. Kidogo tu, lakini niliiona. Ndiyo nikaandika vile. Nilitaka wacheke na mimi badala ya kunicheka."

Rohan akaugeuzageuza mpira chini ya kiganja. Macho yake yalilowa lakini machozi hayakumwagika. Kisha akasema asante, jambo ambalo lilimuuma Janelle kuliko kama angetukanwa.

"Jumamosi ni mechi ya mwisho," akasema Rohan. "Digby amenipigia. Wamebaki sita pamoja nami, nisipoenda hawachezi. Nitaenda. Lakini mimi nisiwemo kwenye habari zako."

"Hata ukicheza vizuri?"

"Hata nikicheza vizuri. Nisiwemo."

*

Jumamosi Janelle aliomba zamu ya soseji tena, kwa kuwa jiko lilikuwa mlangoni na mwenye kuona anaona bila kuonekana. Glenn alikuja pia, ingawa hakuwa na desturi, akasimama nyuma kabisa, mikono mfukoni. Timu ya tatu ilishinda seti moja ikapoteza mbili.

Katika seti ya nne, wakiwa nyuma sana, zamu ya kuanzisha mpira ikafika kwa Rohan. Akaenda nyuma ya mstari. Na kutoka mahali fulani kwenye viti, sauti nyembamba ya mvulana mdogo ikajaribu bahati yake: "Nani anamtaka?"

Hakuna aliyeitikia. Digby, nahodha, aligeuka akaangalia viti kwa muda, mkono kiunoni. Janelle alikuwa na jibu kooni, neno moja tu, na mdomo ulishafunguka. Akaukumbuka ule mpira ukidunda chini ya nyumba. Akafunga mdomo, akaukaza mkono kwenye koleo mpaka vidole vikauma. Soseji zikaungua upande mmoja.

Rohan akaurusha mpira juu akaupiga. Ukavuka, ukaanguka kwenye kona, hakuna aliyeugusa. Akapiga wa pili, ukavuka. Wa tatu, ukavuka. Wa nne ulirudishwa, na baada ya hapo mambo yakaenda kama yalivyokuwa yakienda tangu mwanzo. Walishindwa. Wavulana wakapeana mikono chini ya wavu, wakaja kula soseji zilizoungua bila kulalamika. Rohan alichukua yake kutoka kwa mama yake akasema zimeungua. Yeye akasema anajua.

Jumapili aliandika habari za wiki ya mwisho. Haikumchukua muda. Alitaja wavulana watano kwa majina, kila mmoja na jambo lake, na kuhusu seti ya nne aliandika kwamba pointi tatu zilipatikana mfululizo kwa kuanzisha mpira. Hakusema na nani. Yeyote aliyeweza kuhesabu wachezaji angeona kwamba timu ya Wexcombe ilicheza na pengo. Aliisoma mara kadhaa, na kila mara lile pengo lilimkaba, maana alijua kwamba safari hii, kwa mara ya kwanza, alikuwa na hamu ya kumsifu, na desturi yote ya kwetu ipotelee mbali.

Akaichapa akampelekea Rohan mezani, akaweka kalamu juu yake. Akamwambia afute anachotaka. Kisha akaenda kuanika nguo, akaanika polepole, pamoja na zilizokuwa zimeshakauka. Aliporudi karatasi ilikuwa pale pale na Rohan hayupo. Hakuwa amefuta kitu. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mbaya, alikuwa ameongeza mstari mmoja.

Janelle aliusoma akiwa amesimama. Hakucheka. Alijaribu kuamua kama ule ulikuwa msamaha au deni, akashindwa, akaupeleka jaridani vilevile alivyoukuta, bila kugusa hata nukta.

Ijumaa walikula samaki na chipsi. Mzee Merv akafungua jarida, akaruka kuogelea, akasoma upande wa kulia kwa sauti yake ya redio, polepole kuliko siku zote, kwa kuwa naye alikuwa na masikio na alijua nyumba ilivyo. Akafika mstari wa mwisho.

"Tangazo. Baiskeli iliyokuwa ikitolewa bure ilichukuliwa siku hiyohiyo. Mvulana bado yupo."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akakikata katikati, akaziba mdomo kwa leso, akamwangalia Glenn, akamwangalia Janelle, akaona kwamba hakuna anayecheka, na uso wake wa kizee ukajaa aibu.

Rohan alisogeza chumvi upande wake.

"Cheka tu, Babu," alisema. "Hiyo nimeiandika mwenyewe."